Bolti za Gari la Baba Mkwe

Siku wajomba zangu walipokwenda kuniposea, walinisifu kwa mambo matatu: kwamba ninaswali, kwamba nimeandikwa kazi na serikali, na kwamba ninajua magari. La kwanza lilikuwa kweli kwa kiwango ambacho watu hawakichunguzi sana. La pili lilikuwa kweli kabisa. Nilikuwa nimeanza kufundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Isiolo. La tatu lilikuwa uongo mtupu, na nadhani ndilo lililonipatia mke.

Sikuwepo, kwa hiyo nilisimuliwa baadaye. Baba wa msichana, Mborana mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa maneno machache, aliwasikiliza wajomba mpaka mwisho kisha akauliza, "Na huyu kijana wenu, mikono yake inajua nini?" Mjomba mkubwa akatupa macho uani. Akaona gari kuukuu la kijani, lile la mwili wa mraba na turubai nyuma, limeoshwa likang'aa na kuegeshwa kwenye kivuli kizuri ambacho nyumba nyingine wangemwekea mgeni. Mjomba ni mtu wa biashara tangu ujana wake. Alijua mara moja jibu linalotakiwa.

"Magari," akasema. "Huyo, gari anaifungua na kuifunga kama mkoba."

Walikuwa na kila sababu ya kumwamini. Ukoo wetu ulifika Isiolo na jeshi la wakoloni. Babu wa babu yangu alipomaliza kupigana vita vya watu wengine, alionyeshwa mahali pa kupumzikia, na wanawe wakaingia kwenye malori wasitoke tena. Mpaka leo ukoo wetu ukitajwa mjini, watu wanafikiria mizigo ya Moyale. Bahati mbaya baba yangu aliapa kwamba mtoto wake mmoja hatanuka dizeli, na huyo mmoja nikawa mimi. Nilipooa, nilijua kuendesha gari, kuitisha mafuta na kupiga honi.

Kwa miaka kumi na moja uongo ule ulilala usingizi mzito, na heshima ya wakwe ndiyo iliyoufunika shuka. Nikifika kwao nilitoa salaam macho yakiwa chini, nikakunywa chai, nikaulizwa kuhusu mvua, nikaondoka. Na mama mkwe ndio kabisa. Kwa desturi ya nyumba ile, yeye na mimi hatukukutana uso kwa uso. Nikiingia mlango wa mbele, yeye alipita nyuma ya pazia la jikoni. Katika miaka yote hiyo nilikuwa nimejuana na sauti yake na chapati zake tu. Hatukuwahi kukosana hata siku moja.

Mjumbe wetu sote alikuwa mke wangu. Ndiye aliyeniletea habari alasiri moja nikisahihisha mitihani.

"Baba anasema gari inatembea kama mtu amekanyaga mwiba," akasema. "Mbele inaenda kwake, nyuma inaenda kwake. Na inagonga. Anaomba uende uiangalie, kwa vile..." Akanitazama. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameniona nikimwita mtu kila gurudumu lilipotoboka.

"Kwa vile najua magari," nikamalizia.

"Si ni ninyi mlisema?"

"Kwani gereji zimefungwa?"

"Gari ya Baba haijawahi kuguswa na gereji. Unajua hivyo. Mji mzima unajua hivyo."

Kweli mji mzima ulijua. Gari lile lilikuwa limekwenda Korbesa kununua mbuzi na Kinna kwenye shamba lake tangu mke wangu hajazaliwa, na hakuna fundi aliyewahi kulifungua hata nati moja. Watu walimtaja baba mkwe kama mtu mwenye mikono. Yeye mwenyewe hakujisifu, alitabasamu tu wengine walipomsifu, na mimi nikaona huo ndio unyenyekevu wa mtu anayejua kazi.

Nilikwenda siku ileile. Alinipakia mbele tukashika barabara ya Burat, yeye kwenye usukani, kilemba kikiwa kimenyooka kuliko gari. Tulipopita tuta la kwanza kitu kiligonga nyuma yetu, *ngo!*, na mgongo wa gari ukahamia kulia wakati mbele bado inafikiria. Mwenye mkokoteni aliyekuwa pembeni akaruka mtaro.

"Umesikia?" baba mkwe akauliza.

"Nimesikia, mzee."

"Ni nini?"

Nikavuta pumzi, nikakunja uso kama daktari anayejiandaa kutoa habari. "Mzee, hii inataka kufikiriwa."

"Ndiyo," akasema haraka, na nikahisi ametulia. "Hata mimi naona inataka kufikiriwa."

Ningekuwa makini zaidi ningesikia kitu katika lile jibu. Lakini nilikuwa na hofu zangu.

Kesho yake mapema, kabla ya kengele ya shule, nilikuwa kwa fundi mmoja anayefanya kazi chini ya bati karibu na maduka ya vifaa vya ujenzi. Alikuwa amezama nusu ndani ya injini ya lori. Nilimweleza ile sauti kwa mdomo na kwa mikono.

"Ni ngo moja ama ngo-ngo?" akauliza bila kutoka.

"Ngo moja."

"Nyuma?"

"Nyuma, upande wa kushoto."

"Bolti za springi." Alitoka, akachuchumaa, akachora mavumbini kwa ncha ya spana. Springi ni vyuma vyembamba vilivyopangwa juu ya vingine na kupindwa kama upinde. Ncha ya mbele imefungwa kwenye chasisi. Ncha ya nyuma inaning'inia katikati ya mabamba mawili, ili springi ipate nafasi ya kunyooka gari likipita shimo. Bolti mbili zinapita kwenye yale mabamba, moja juu na moja chini, na kila bolti imevikwa bushi, yaani bomba fupi la chuma na mpira. "Sasa bolti inaliwa pole pole, na bushi inaliwa. Zikiisha, springi inacheza, na gurudumu linaenda vile linataka."

"Kuzibadilisha ni kazi kubwa?"

"Kwangu mimi, asubuhi moja." Akatazama viatu vyangu. "Lete gari, mwalimu."

Nikamweleza kwa nini gari haliwezi kuletwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Ah. Ni mambo ya wakwe." Basi akanifundisha kwa nusu saa, nami nikaandika kwenye daftari, hatua ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, kama ninavyoandaa somo la mmomonyoko wa udongo.

Nilipotoka pale nilijiona fundi tayari. Nikaingia dukani nikachagua bolti mbili zinazong'aa kuliko zote, nene kama kidole changu, nikarudi kwa fundi kumwonyesha jinsi mwanafunzi wake alivyo mwepesi. Akaiviringisha moja kiganjani.

"Hii ni ya kushikilia mabati ya choo," akasema kwa upole. "Ona meno yake, yametoka mwanzo mpaka mwisho. Ukiitia kwa bushi itakuwa inaikwangua kama tupa kila gari ikitingika. Ya springi ni chuma kigumu, katikati laini, meno iko kwa ncha peke yake."

Bolti zenyewe na bushi mpya zikaagizwa Nairobi, zikafika kwa basi baada ya siku nne, zimefungwa kwa gazeti. Hazikung'aa hata kidogo. Nikazipenda zaidi.

Jumamosi asubuhi nilifika kwa wakwe na daftari mfukoni; mke wangu, niliyekuja naye, akapitiliza jikoni kwa mama yake. Baba mkwe alikuwa amevaa koti la zamani na kupanga vifaa juu ya gunia kwa ukubwa wake: spana, nyundo, msumeno wa chuma, kopo la grisi. Vilikuwa vimetumika sana na vimetunzwa sana. Nikazidi kumwogopa. Tuliinua gari kwa jeki, tukatoa gurudumu, na nilipotaka kuingia chini nikakumbuka hatua ya tatu.

"Mzee, gari isiachwe kwa jeki peke yake. Tuweke magogo."

"Hata mimi nilitaka kusema magogo," akajibu.

Pazia la jikoni likatikisika kidogo. Kando ya mlango ule mbuzi mmoja alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anatafuna katoni.

Nikalala chali chini ya gari. Lilikuwa gari la juu, lenye nafasi ya kutosha mtu na majuto yake. Nati za nje zilifunguka baada ya kumiminiwa mafuta ya taa na kuchomekewa bomba kwenye spana ili kuongeza nguvu. Nikaona mambo si magumu. Hatua ya saba ilisema: *gonga bolti itoke.* Basi tukagonga. Yeye aligonga akiwa amechuchumaa nje, mimi nikishika kwa ndani, kisha tukabadilishana. Kutu ilinimwagikia machoni. Tuligonga mpaka jua likatoka nyuma ya nyumba ya jirani na kusimama juu yetu.

"Inasogea kidogo," baba mkwe akasema, akihema.

"Naona, mzee."

Haikusogea. Kilichosogea kilikuwa gari, na magogo nayo yakaanza kulalamika.

Hapo ndipo mama mkwe alipoanza kuzungumza na mbuzi. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeelekezewa yale maneno. Siku zote mbuzi wa nyumba ile walisemeshwa Kiborana. Siku hiyo huyu alisemeshwa Kiswahili, polepole, neno moja moja, ili aelewe vizuri.

"Wewe mbuzi," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "hata ungegonga mpaka Idi, hicho kitu hakitoki kwa nyundo."

Mbuzi akaendelea kutafuna. Baba mkwe akaweka nyundo chini. Akatazama mbingu, akapitisha mkono kwenye ndevu zake zenye hina, akaacha muda wa heshima upite.

"Nafikiri," akasema, "nyundo siyo dawa yake."

"Hata mimi nilikuwa naanza kuona hivyo, mzee."

"Mbuzi," ikasema sauti, "bamba la ndani lina meno. Kitu cha meno kinazungushwa."

Muda wa heshima safari hii ulikuwa mfupi zaidi. "Sasa nimekumbuka," baba mkwe akasema. "Bamba la ndani lina meno."

Nikawasha tochi ya simu nikachungulia. Kweli. Katika gari lile bolti haikupita tu kwenye bamba la ndani. Ilikuwa imesokotwa ndani yake, na nati tuliyoifungua ilikuwa ya kuilinda isirudi nyuma. Tangu asubuhi tulikuwa tunapiga kifuniko cha chupa kwa nyundo badala ya kukizungusha. Yule fundi hakunieleza hivyo kwa sababu magari yake ni malori ya juzi, na mimi sikujua kwamba kuna swali la kuuliza.

Adhuhuri tukaenda kuswali. Tuliporudi nikajilaza tena chini ya gari, na mke wangu akatoka na chai, akaniwekea kikombe karibu na kichwa changu na kuinama kama anayeokota kitu.

"Mama amevunja bakuli huko ndani," akaninong'oneza. "Anasumbuka. Ametembea jikoni mpaka mimi nimechoka."

"Haya mambo ameyajua wapi?"

"Unadhani nani alikuwa analala chini ya gari njia ya Korbesa? Baba alikuwa anashika tochi."

Nikanyanyuka ghafla, nikagonga paji la uso kwenye chasisi. "Kwa nini hakuna mtu aliyeniambia?"

"Uliuliza?" Kisha akalegeza sauti. "Sasa magoti ya Mama yamekataa, hawezi kwenda chini. Anahitaji mtu wa kulala huko. Na huyo mtu ni wewe, na yeye hawezi kutoka ukiwepo. Ndio maana anaongea na mbuzi."

Akaenda zake. Nikabaki nimelala, chai ikipoa sikioni, nikimtazama baba mkwe kupitia nafasi ya gurudumu. Alikuwa anapangusa spana ambayo ilikuwa safi. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemwogopa mtu huyu kama msimamizi wa mtihani, kumbe na yeye ameketi kwenye dawati la pili, anachungulia karatasi yangu. Nilihisi kucheka, kisha nikahisi kumwonea huruma, na huruma ikanirudia mwenyewe. Kusema kungetaka tuanzie siku ya posa, na gari lilikuwa bado juu ya magogo.

Tukaanza kuzungusha. Bolti ya chini ilitoa sauti ya kulia ikafuata, jino moja baada ya jingine, mpaka ikatoka. Baba mkwe akasema alhamdulillah kwa sauti ya mtu asiyeamini. Lakini ya juu ilikuwa imeoana na bushi yake. Mimi nilipaswa kuzuia kwa spana upande wa ndani na yeye kuvuta kwa nje, ila bega lake la kulia limekuwa na kasoro tangu apigwe na ng'ombe mmoja ambaye hasemwi. Spana ikateleza mara mbili. Mara ya tatu ikamchuna ngozi ya vidole, na baba mkwe, mtu wa maneno machache, akatumia moja ambalo sitaliandika.

Nikasikia pazia likivutwa mpaka mwisho, na ndara za mpira zikija uani, moja ikigonga chini kwa nguvu kuliko nyingine.

"Aliye chini abaki chini," ikasema ile sauti, bila kumlenga mtu.

Nikabaki chini. Nikiwa pale niliweza kuona pindo la dera la rangi ya machungwa na vidole viwili vya mguu. Yeye kwa upande wake aliweza kuona viatu vyangu tu, na viatu si mkwe wa mtu. Kati yetu palikuwa na chuma kizima cha gari, kinene kuliko pazia lolote. Hakuna desturi iliyovunjwa. Nadhani hata wazee wakali kuliko wote wa Kinna wangekuja kukagua wangekuta kila mtu mahali pake.

"Spana ya chini ishikwe kwa chuma," akaiambia spana. "Isitegemee mkono."

Nikaielekeza spana ikaegemea kwenye chasisi. Nikafikiri kama inaruhusiwa kujibu, kisha nikaijibu springi. "Imeegemea."

"Wewe," akamwambia mumewe, na huyu aliambiwa waziwazi, "weka jeki ya pili chini ya springi, uipandishe kidogo. Kidogo! Bolti imebeba uzito, itatokaje?"

Baba mkwe akazungusha jeki. Mbele ya macho yangu springi ikapanda upana wa ukucha, na ile bolti ambayo ilikuwa imebanwa tangu sijui lini ikapumua. Siwezi kuelezea vinginevyo. Vumbi jekundu lilianguka kutoka pande zake zote.

"Sasa," akasema.

Spana ya nje ikashikwa na mkono mwingine, na bolti ikasema *krrr*. Nilihisi ile nguvu ikishuka kwenye spana yangu hadi kiwikoni, nguvu ya mwanamke mwenye wajukuu sita, taratibu, bila haraka wala kurukaruka. Bolti ikazunguka nusu, ikapumzika, ikazunguka tena. Kisha mkono ukaingia chini ya gari, kiganja wazi, kucha zikiwa na hina iliyofifia.

"Ilete."

Nikaiweka bolti kiganjani kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia hata kumkabidhi mkuu wa shule barua ya ruhusa. Mkono ukatoka.

"Subhanallah," akasema. Nilikuwa nimeona: katikati bolti ilikuwa imeliwa ikawa nyembamba kama penseli, imebaki kichwa na ncha, na kati yake hakuna kitu cha kutegemea. "Na ulikuwa unaenda Kinna na hii?"

"Ilikuwa inaenda," baba mkwe akajitetea.

"Wewe ndiye ulikuwa unaenda. Hii ilikuwa imeshakufa."

Kutoa bushi kuukuu kulichukua saa nzima na msumeno. Mpya zikaingia kwa grisi na kwa kubanwa taratibu, kwa maagizo yaliyokuwa yakishuka kutoka juu kama mvua ya masika. Bolti mpya zikapita bila ubishi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefika ukurasa wa mwisho, nikaanza kukaza nati kwa nguvu zangu zote.

"Bado!"

Nikaachia spana kama imeniunguza.

"Gurudumu lirudi kwanza, gari ishuke, ikanyage na uzito wake. Ndio unakaza. Ukikaza ikiwa inaning'inia, mpira utakuwa umejinyonga kila siku ya maisha yake." Akaongeza, kwa upande wa mbuzi, "Waalimu wa siku hizi."

Katika daftari langu hapakuwa na hatua hiyo. Tulirudisha gurudumu, tukashusha gari, nikajipenyeza tena chini nikakaza, yeye akisikiliza. Naamini alikuwa anasikiliza, kwa sababu alisema "basi" sekunde moja kabla ya mkono wangu kufika mwisho. Kisha ndara zikaondoka. Nikangoja mpaka pazia likatulia ndipo nikatoka, nimejaa kutu na grisi kutoka nywele hadi soksi. Baba mkwe aliniangalia kwa muda mrefu. Nilifikiri sasa mmoja wetu atasema.

"Tuijaribu," akasema.

Tukashika barabara ya Burat tena. Lile tuta likaja, likapita chini yetu, na hakuna kilichogonga. Gari lilinyooka kama rula. Katika kipande kitupu cha barabara baba mkwe aliachia usukani, akaacha vidole viwili tu, akanigeukia akiwa na uso wa mtu wa miaka ishirini.

"Inaenda," akasema.

"Inaenda, mzee."

Tulipofika kwenye duka ambalo wenzake hukaa kungoja Alasiri, alisimama pasipo sababu yoyote ya kusimama. Wakatoka wakalizunguka gari. "Bolti za springi," akawaeleza, mikono nyuma. "Mimi na mkwe wangu. Asubuhi tumeanza, sasa tumemaliza." Mzee mmoja aliyewajua wajomba zangu akanishika mkono wenye grisi akautikisa kwa nguvu. "Nilijua," akasema. "Nyinyi ni watu wa magari." Nami, badala ya kusahihisha, nikainamisha kichwa na kutabasamu, tabasamu lilelile la unyenyekevu ambalo nilikuwa nimeliona kwa baba mkwe. Sasa najua linavyotengenezwa.

Tulipofika nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nimeona aibu. "Vizuri," akasema, akinipa sabuni. "Na Mama je? Alitajwa?" Nikakubali kwamba hakutajwa. "Basi aibu yako bado ni kidogo," akasema, akaenda kuchemsha maji mengine, maana yale ya kwanza yalikuwa yamegeuka rangi.

Wiki iliyofuata naibu mkuu wa shule alinisubiri karibu na gari lake baada ya vipindi. Lilikuwa linalia upande wa mbele. Nilitembea kulizunguka, nikasikiliza, nikamwambia nitampa jibu kesho. Usiku mke wangu akampigia mama yake simu, mimi nikiwa pembeni nikitoa ile sauti kwa mdomo ili aipeleke. Jibu lilikuja kabla chai haijamiminwa. Naibu mkuu akafuata jibu lile na gari likanyamaza. Baada yake alikuja mwalimu wa kemia, baada yake jirani. Mama mkwe alipatia mara zote, isipokuwa gari la jirani, ambalo alisema liuzwe kabla halijamdhuru mtu, na jirani hajanisamehe mpaka leo.

Halafu ikaja safari ya Kinna. Baba mkwe alitaka kuona vitunguu vyake, na kwa mara ya kwanza tukapanda sote: yeye na mimi mbele, mke wangu na mama yake nyuma chini ya turubai, leso ikiwa imetundikwa kati yetu na wao. Nusu ya njia tulipita mahali pabaya, mawe na mifereji, gari likaruka likatua. Halikugonga. Lakini muda mfupi baadaye ngumi mbili zilipigwa kwenye bati nyuma yetu. Baba mkwe akasimamisha gari bila kuuliza.

"Mama anasema ni wakati wa kukaza tena," sauti ya mke wangu ikapita kwenye leso. "Anasema bolti mpya hukaa vizuri baada ya kupigwa na barabara."

"Nilikuwa nimefikiria hivyo," baba mkwe akasema.

Tukashuka, yeye na mimi, tukatembea hatua kama ishirini, tukasimama bega kwa bega tukiwa tumeligeuzia gari mgongo. Nyuma yetu nilisikia kikapu kikifunguliwa, spana ikigongana na spana. Nilisikia mke wangu, binti wa mfanyabiashara na mke wa mwalimu, akijilaza chini na kusema kitu kwa Kiborana, na mama yake akimjibu, polepole, neno moja moja. Sauti ilikuwa ileile ya siku ya mbuzi, ila safari hii ilikuwa na furaha ndani yake.

Baba mkwe akanionyesha milima kwa kidevu. "Ile ilikujaje pale?"

Nikamweleza. Nilimweleza moto wa chini ya ardhi, mawe yalivyoyeyuka na kupanda, mvua zilivyokuja baadaye zikachonga. Hili nilikuwa ninalijua, na nilifurahi kupita kiasi. Alinisikiliza kwa makini, akiuliza maswali ya maana.

Lori la mifugo likatokea kutoka upande wa Kinna. Dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Salaam aleikum! Kuna shida, mzee?"

"Aleikum salaam," baba mkwe akajibu, akipunga mkono bila kugeuka. "Hakuna shida. Tunaangalia gari."

Lori likapita. Vumbi lilipotulia, nikaendelea na mlima wa pili.